Mdogo wangu ana daraja la pili: aende kidato cha tano au chuo cha afya?

Ndugu mshauri, habari za kazi.

Naandika kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume aliyemaliza kidato cha nne, na yeye anajua kwamba naandika. Amepata daraja la pili, pointi 18. Tulishangilia, tukapiga simu kwa ndugu wote, na kabla jua halijazama ubishi ulikuwa umeshaanza. Baba mdogo anataka aende kidato cha tano akasome PCB, ule mchepuo wa sayansi. Mwenyewe anataka aende moja kwa moja chuo akasomee stashahada ya utabibu. Ninayemsomesha ni mimi, kwa kazi yangu ya cherehani, kwa hiyo wote wawili wananisubiri mimi niseme neno.

Nikuwekee matokeo yake mezani kwanza. Kiswahili, Jiografia na Baiolojia ana B. Historia, Kemia, Kiingereza na Uraia ana C. Fizikia na Hisabati ana D. Kwa shule aliyosoma hayo ni matokeo makubwa. Mwalimu wao wa Fizikia alihamishwa wakiwa kidato cha tatu na hakuletwa mwingine mpaka mtihani ukiwa umekaribia, wakawa wanafundishana wenyewe ubaoni. Nasema hivi ili usimwone ni mvivu. Sijaona kijana anayesoma kama yeye.

Baba mdogo anaangalia lile daraja la pili na kwake hilo linatosha. Lakini nimekaa na mwalimu mmoja jirani yetu akanifafanulia jambo ambalo wazazi wengi hatulijui. Daraja linahesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo zile D mbili hazimo kabisa kwenye hiyo 18. Kwenye kombi, yaani yale masomo matatu ya kidato cha tano na cha sita, zinarudi. PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani D, C na B, na pointi zake ni 4, 3 na 2, jumla 9. Kuchaguliwa kidato cha tano kunahitaji angalau masomo matatu yenye C au zaidi, pointi za kombi zisizidi 10, na pasiwe na F katika masomo ya kombi. Kwa hiyo PCB anaigusa, ila kwa ncha ya kidole. Kwa CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, ana 7. Kwa HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, ana 7 pia.

Hofu yangu yote iko kwenye Fizikia. Amekuwa akienda tuisheni ya kujiandaa na kidato cha tano, na jioni anakaa pembeni ya cherehani yangu kwa sababu taa nzuri iko hapo. Siku moja nilichungulia daftari lake. Swali lilikuwa la kitu kilichorushwa hewani kwa pembe fulani, wanataka ujue kitaanguka umbali gani. Alikuwa ameliandika, akafuta, akaandika tena, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Ukurasa wa nyuma yake alikuwa amechora moyo wa binadamu na mishipa yake, kila sehemu na jina lake, mistari imenyooka utadhani imechapwa kitabuni. Hakuna aliyemwambia achore ule moyo.

Mama yetu ni mgonjwa wa presha, na huyu kijana ndiye anayempeleka kituo cha afya kila mwezi. Anajua vipimo vyake vyote kwa kichwa. Tabibu wa pale ameshamzoea, humwachia ashike kile kifaa na kumwelekeza namna ya kusoma. Kwa hiyo anaposema anataka utabibu, ni kazi ambayo ameiona kwa macho yake tangu akiwa mdogo.

Sasa nimtendee haki baba mdogo. Yeye ndiye aliyetushika mkono baba alipofariki, na neno lake nyumbani kwetu ni zito. Hoja zake si za kupuuza. Anasema kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali havina ada tangu 2022, wakati chuo kitaninyonya. Anasema cheti cha kidato cha sita kina njia nyingi, kijana anaweza kubadili mawazo akiwa mkubwa, lakini ukishaingia chuo cha afya ukiwa na miaka kumi na minane umeshachagua. Na anasema, kwa sauti ile ya mtu anayekupenda, kwamba ukoo wetu haujawahi kuwa na daktari.

Namwelewa. Lakini chuo kikuu kinataka angalau prinsipo mbili, yaani ufaulu kamili wa masomo mawili ya kidato cha sita, zenye jumla ya pointi 4, na kwa udaktari lazima Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu awe amefaulu kwa kiwango hicho. Juu ya hayo kuna pia BAM, somo la hesabu za msingi, ambalo kila wa PCB asiyesoma Hisabati ya juu analifanya. Akiangukia Fizikia, baada ya miaka miwili anarudi nyumbani kutafuta chuo kwa cheti kilekile cha kidato cha nne alichonacho leo. Nimeona vijana wawili mtaani kwetu yamewakuta hayo. Mmoja ameanza utabibu sasa, anasoma na watoto waliokuwa nyuma yake.

Njia ya chuo nayo nimeifuatilia. Masharti ya kujiunga na stashahada ya utabibu ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, na D inatosha. Anavyo. Ni miaka mitatu, akimaliza ana taaluma mkononi, na akipata GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada. Hilo ndilo linalompa yeye moyo. Ananiambia, "Dada, nitafika kulekule, ila nitakuwa nafanya kazi."

Kwenye fedha ndipo ninapokosa usingizi. Chuo binafsi tulichoulizia ada yake inapita milioni moja kwa mwaka, bado chumba, chakula, sare na mazoezi ya hospitalini. Vyuo vya serikali ni nafuu, ila waombaji ni wengi mno. Kushona sare za shule kunaniingizia vizuri Desemba na Januari. Miezi mingine ni viraka na zipu. Naweza kubeba mwaka wa kwanza. Wa pili na wa tatu sijui. Halafu kuna mama mmoja mteja wangu, kijana wake alimaliza utabibu na mpaka leo anajitolea hospitali bila ajira. Nikimkumbuka yule, mkono unakuwa mzito.

Kuna na njia ya tatu, ambayo mwalimu wake wa Jiografia ameileta: CBG. Anasema kwa kombi hiyo atang'ara, na baadaye anaweza kwenda mambo ya kilimo, misitu au mazingira, pale Chuo Kikuu cha Sokoine kwa mfano. Kwa alama zake ni ushauri mzuri kuliko wote. Lakini CBG haina Fizikia, maana yake udaktari anauaga. Nilipomweleza akajibu, "Sawa, dada." Hivyo tu. Mbele ya baba mdogo naye alisema "sawa, baba" kuhusu PCB. Mtoto aliyelelewa vizuri kwetu hawapingi wakubwa, na mimi sitaki adabu yake ndiyo imchagulie maisha. Kombi zenyewe siku hizi ni nyingi, tangu 2024 zimefika 65, na hakuna mtu shuleni aliyekaa naye hata nusu saa kumweleza ipi inampeleka wapi. Ile fomu ya machaguo walijaza kabla ya mtihani, darasa zima la sayansi likaweka PCB nafasi ya kwanza.

Dirisha la kubadilisha machaguo kwenye mtandao wa TAMISEMI liko wazi sasa na halitakaa muda mrefu, ndiyo maana nakuandikia kwa haraka.

Naomba unisaidie haya. Kijana mwenye D ya Fizikia iliyotokana na kukosa mwalimu, akipata shule yenye walimu, anaweza kweli kusimama kwenye PCB, au alama ile inasema jambo ambalo sisi wenye mapenzi hatutaki kulisikia? Akianza na CBG kisha akataka kurudi kwenye afya, kuna kozi zinazompokea? Mikopo ya serikali kwa wanafunzi wa stashahada, mtoto wa fundi cherehani anaipata kweli, na aanze kuiombea wapi? Kingine ni ratiba. Kidato cha tano kinaanza Julai na vyuo vinaanza baadaye. Je, anaweza kuripoti shule huku akisubiri majibu ya chuo cha serikali, au akifanya hivyo atapoteza vyote?

Na la mwisho, ambalo pengine ni gumu kuliko hayo yote. Nikiamua kumuunga mkono mdogo wangu, nimwambieje baba mdogo bila kumvunjia heshima? Anakuja Jumapili kusikia tumefikia wapi. Nataka siku hiyo kijana azungumze mwenyewe, kwa mdomo wake, na mzee amsikilize. Kama umewahi kuona familia ikilifanya hili vizuri, nieleze walianzaje.

Wako,
Dada wa Mhitimu, Dodoma