Wanangu mnaokaa na wazee hapa Kisumu, si kila kitu ni uzee

Wanangu, nawaandikia nyinyi mnaokaa na wazee huku Kondele, Manyatta mpaka Ahero, na nyinyi mlio mbali mnaopiga simu kuuliza mama anaendeleaje, mkiambiwa ni uzee tu mnaridhika.

Mke wangu alianza kuvaa sweta saa saba mchana, na jua la Kisumu mnalijua. Halafu akawa anasahau sufuria kwa moto, choo kinakataa siku nne, sauti ikakwaruza, wajukuu wakija anawaangalia tu. Hospitali tulienda mara tatu tunaambiwa ni akili ya uzee, mwaka ukapita hivyo hivyo, mpaka daktari mmoja kijana akaitisha kipimo cha damu kinaitwa TSH, kumbe ni thairodi, ile tezi ya hapa mbele ya koo, imepunguza kazi. Na shingo haikuwa imevimba hata kidogo! Sisi thairodi tulijua ni goita.

Kaka yangu naye ilikuwa kinyume, tezi inafanya kazi kupita kiasi. Kijana akiwa nayo utamwona anatetemeka, anatoa jasho, hatulii, lakini mzee anaweza asionyeshe hayo yote. Yeye alikonda, chakula hataki, kimya, tukasema ni mawazo ya kufiwa. Kumbe moyo unapiga ovyo ovyo, na moyo ukipiga hivyo damu inaweza kuganda humo ndani halafu bonge likapanda kwa ubongo. Akapata stroki. Tezi ikizidisha kazi hivyo hula mifupa pia, mtu anateleza kidogo bafuni nyonga inavunjika.

Kwa hivyo mzee akibadilika mwombeni daktari aangalie TSH, na mumtajie kila dawa mzee anameza, maana kuna ya moyo inaitwa amiodaroni inaweza kuvuruga hiyo tezi.

Mke wangu alianzishiwa dozi ndogo ya dawa ya thairodi ikapandishwa polepole, moyo wa mzee hautaki haraka. Anameza asubuhi na maji tupu, chai inangoja nusu saa ama saa nzima, vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu vinakaa mbali masaa manne. Asiache mwenyewe ati amepata nafuu, naomba sana.

Jumapili hii mkifika nyumbani mshikeni mzee mkono, msikilize mpigo dakika nzima. Ukirukaruka bila mpango, Jumatatu mpelekeni.