Barua kwa mwanangu: sahani ya watu hairudi tupu

Amu (Lamu), mwezi wa Shaabani

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku tu wazima. Babako bado anakohoa usiku lakini msikitini anakwenda kwa miguu yake. Habari zako zimefika. Umesema mwalimu wako amekupa ruhusa uje ufanye utafiti wako wa anthropolojia, hiyo elimu ya watu na desturi zao, hapa hapa kwetu, na kwamba utakaa mabarazani uwasikilize wazee wakizungumza siasa. Nimefurahi. Kisha nikakaa siku tatu nikifikiri, na hili ndilo jawabu langu. Ni refu, kwa hivyo lisome ukiwa umeshakula.

Kwanza ujue kwamba vitabu vyako nimevisoma. Vile ulivyoviacha kwenye zidaka likizo iliyopita nimevishusha kimoja kimoja baada ya isha. Kiingereza chake kigumu, lakini mimi nimesomesha darasa la sita miaka 26, sikushindwa.

Aliyenishika mwanzo ni yule Malinowski, Mpolandi aliyekaa visiwa vya Trobriand, huko upande wa Papua New Guinea, kati ya mwaka 1915 na 1918. Alipiga hema lake katikati ya nyumba za watu, akajifunza lugha yao. Watu wale walikuwa wakivuka bahari kwa mitumbwi, safari za hatari, kupelekeana mikufu ya kombe nyekundu na bangili za kombe nyeupe. Mikufu inazunguka visiwa kwa upande mmoja, bangili kwa upande wa pili. Hakuna anayevikalia. Ukipewa, unajionea fahari kwa muda, kisha unampitishia mwenzio wa kisiwa kingine, naye anakuwa ndugu yako wa baharini. Na bangili zile, baba, wanaziita mwali! Kwetu mwali ni binti anayewekwa ndani, kwao ni bangili ya kombe. Sitaki kujenga hoja juu ya neno lililofanana kwa bahati, lakini usiku ule nililala nikiwaona watu wale kama jirani zangu.

Baada yake nikamsoma Mfaransa, Marcel Mauss, aliyeandika mwaka 1925 kwamba zawadi haiji peke yake, inakuja na mambo matatu ya lazima: kutoa, kupokea, na kurudisha. Hapo nikakifunika kitabu, nikamwona nyanyako.

Wewe hukumkuta akiwa na nguvu zake. Mwezi wa Ramadhani, ikikaribia magharibi, alikuwa akitupanga watoto mstari pale ukumbini, kila mmoja na sahani yake iliyofunikwa kwa kitambaa. Wewe peleka kaimati nyumba ile, wewe peleka tambi kwa mama fulani. Na zombo zile (yeye hakuwahi kusema "vyombo" maishani mwake) hazikurudi tupu. Zilirudi na ndimu mbili, na sukari kidogo, na kipande cha samaki. Asiye na kitu alitia chumvi. Siku moja nilirudi na sahani iliyooshwa vizuri, nyeupe, haina kitu. Nilikuwa na hasira, nikasema hawa watu hawana adabu. Nyanyako hakunijibu. Alingoja usiku uingie, akavaa buibui lake, akatoka na unga ndani ya leso. Mume wa yule bibi alikuwa baharini wiki ya tano, na ndani hamkuwa na hata chumvi.

Nakuandikia haya kwa sababu najua utafiti unavyokwenda. Mgeni angeiona sahani tupu akaandika kwenye daftari lake: desturi imevunjwa, pana ugomvi baina ya nyumba hizi mbili. Angekosea. Sahani tupu ilikuwa barua, na aliyeijua lugha yake aliisoma. Ada utaisoma vitabuni. Namna watu wanavyoitumia kuambiana yale yasiyosemeka kwa mdomo utaijua ukikaa nao tu, na ukikaa sana.

Sasa nikwambie kuhusu mabaraza. Mabarazani kaa, ni haki yako, ndiko wanakokaa babako na amu zako. Lakini ukidhani siasa ya mji huu iko pale, utafanya kosa lile lile alilolifanya Malinowski. Mwaka 1971 alifika Trobriand mwanamke wa Kimarekani, Annette Weiner. Alikuta kwamba kwenye matanga wanawake wanagawa mafungu ya majani makavu ya mgomba na sketi walizozifuma kwa mikono, mali kwelikweli, yenye hesabu, na kwa mali hiyo ndiyo jamaa wanajulikana nani yuko na nani. Yule bwana alikaa visiwa vile muda wote ule, na mali hiyo hakuipa uzito. Alikuwa akitazama mitumbwi.

Na wewe usitazame mitumbwi tu. Kwenye hitima na kwenye harusi za mji huu kuna daftari. Analiweka mama mmoja, limeandikwa nani ametoa kiasi gani, nani ameleta mchele, nani amekuja kukoroga sufuria tangu alfajiri na nani amekuja kula. Miaka kumi ikipita, anajua. Wanaume watakwambia ukoo fulani na ukoo fulani wameshikana kwa sababu ya siasa. Wameshikana kwa sababu ya daftari lile, na siasa ikaja ikapanda juu yake. Wewe ni mwanamume, hutaingia ndani wanawake wakiwa wamekaa, na usijaribu. Dadako atakaa kwa niaba yako, na jina lake utaliandika kwenye kazi yako kama mwenzako katika utafiti, pale mbele, si kwenye shukrani za mwisho.

Umeuliza pia kuhusu uchaguzi, kwa nini watu wanapokea leso na unga wa mgombea halafu wanampigia mwingine. Nimelifikiria sana hili, kwa kuwa mimi mwenyewe nimepokea. Tazama tofauti. Sahani ya jirani naweza kuirudisha kwa chochote, hata ndimu, hata mwaka ujao, nami nikabaki mtu mzima mbele yake. Leso ya mgombea siwezi kuirudisha kwa ndimu. Ina malipo ya namna moja tu na siku moja tu, na aliyeileta haniachii nafasi ya kumtembelea wala kumpikia. Kwa hivyo wanawake wengi wanaipokea na moyoni hawaihesabu kuwa zawadi. Wanaivalia jikoni. Wengine wanaihesabu, na wanampa kura kwa sababu ni aibu kula cha mtu ukamgeuka, na hao pia usiwaite wajinga. Wamefuata adabu waliyolelewa nayo. Mwenye kosa ni yule anayeichukua adabu ya watu akaifanya ndoana. Mtafiti akija akaandika "rushwa" na kulifunga daftari, ameandika neno la kweli lakini ameiacha kazi katikati.

Kuna kisa kingine katika vitabu vyako, sikukisahau. Evans-Pritchard, Mwingereza, alikaa na Waazande, huko Sudan Kusini ya leo, na mwaka 1937 akaandika kuhusu ghala. Watu wamekaa chini ya ghala la nafaka kukimbia jua, nguzo zimeliwa na mchwa, ghala linawaangukia. Waazande wanajua vizuri habari ya mchwa. Wanachouliza ni kwa nini ghala liwaangukie watu hawa, saa hii. Nao wanajibu: uchawi. Nilipofika hapo nikamkumbuka mjombako alipoangukiwa na foromali, ule mti wa tanga la jahazi. Kamba ilikuwa imeoza, kila mtu alijua, yeye mwenyewe alisema ataibadilisha kesho yake. Lakini kwenye matanga yake hakuna aliyezungumza habari ya kamba. Waliuliza mbona yeye, mwenye watoto wadogo, na mbona siku ile alipokuwa hana zamu. Wengine walisema kadari ya Mungu, na mimi ni katika hao. Wengine walinong'ona husuda. Msomi anaweza kulijibu swali la kamba. Swali la "mbona yeye" halijibiki kwa kamba, na binadamu aliyefiwa haachi kuliuliza, awe Mzande au Muamu au daktari wa London. Ukiwasikia watu wanauliza hivyo, usiwaandike kwamba hawajui sayansi.

Juu ya heshima na vyeo nitasema kidogo tu, maana mengine ni ya kuzungumza uso kwa uso. Alikuja hapa Mmisri, Abdul Hamid el-Zein, na kitabu chake kuhusu dini na watu wa mji huu kilitoka mwaka 1974. Alionyesha kwamba wangwana (waungwana wa mji), masharifu (wazao wa Mtume) na wazao wa watumwa wanaweza kuwa msikiti mmoja, dini moja, na kila mmoja akaielewa nafasi yake kwa namna nyingine. Wako wasiopenda yasemwe. Mimi naona yasemwe. Utumwa wa pwani hii ulifutwa kisheria mwaka 1907. Nyanyako amewaona kwa macho yake watu waliozaliwa ndani yake. Habib Swaleh, yule mwanachuoni aliyeanzisha msikiti wa Riyadha, alipowafungulia elimu wale waliokuwa wakinyimwa, kule mtaa wa Langoni, hakulifanya jambo dogo, na twari (matari) za Riyadha unazozipenda wakati wa Maulidi zina historia hiyo ndani yake. Ukiandika kuhusu mji wetu kwa sifa tupu, milango ya nakshi na punda na urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, utakuwa umewaandikia watalii.

Usidhani pia kwamba kazi hii ni ya rafuni. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamua kesi ya ujenzi wa bandari ya Lamu, ilisema kwamba haki ya watu wa Lamu juu ya utamaduni wao, pamoja na mazingira yao, imevunjwa, na ikaamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Utamaduni, baba, ulitajwa mahakamani kama kitu chenye thamani. Kuijua bamvua na maji mafu, yaani lini maji yanajaa sana na lini kidogo, kujua samaki gani yuko mkondo gani kusi ikivuma, ni elimu ambayo kwenye ramani ya injinia haimo. Iko vichwani mwa watu, na watu wanakufa.

Nimefika kwenye lile lililonifanya nifikiri siku tatu.

Mwaka 1984, mimi nikiwa na miaka 13, alikuja nyumbani kwetu bibi mmoja mtafiti kutoka ng'ambo. Jina lake nitakutajia ukija, si la kuandika hapa. Alikuwa mpole, alijifunza Kiamu mpaka akawa anasema "ndoo" na "mato" kama sisi, alikula nasi chini kwenye mkeka. Alikuwa na kinasa sauti cha kaseti. Usiku baada ya kazi nyanyako alimwimbia nyimbo za kumsinga bibi harusi, na akamweleza mambo ambayo mimi bintiye hakuwahi kuniambia, maana nilikuwa mdogo, na alidhani wakati upo. Mimi kazi yangu ilikuwa kupeleka kahawa na kugeuza kaseti upande wa pili. Miezi mitatu. Alipoondoka nyanyako alimpa leso yake ya harusi. Naye aliahidi kuleta nakala ya kaseti na ya kitabu.

Tulimwandikia mara mbili. Nyanyako kila meli ya posta ikifunga gati alikuwa akinituma nikaulize. Sikusema kwamba yule bibi alikuwa mwovu, na sasa sisemi. Pengine aliugua, pengine barua zilipotea. Lakini nyanyako alifariki hajaisikia sauti yake, na mimi nina miaka arubaini sijaisikia. Iko mahali, kwenye sanduku, kwenye rafu ya watu wasiojua ni ya nani.

Jomo Kenyatta alisoma kwa Malinowski huyo huyo kule London, akaandika kuhusu Wakikuyu wenzake, kikachapishwa mwaka 1938. Kwa hivyo wewe si wa kwanza kuondoka nyumbani ukajifunza kuitazama nyumba yenu. Lakini wewe umekula ndani ya sahani hizi. Kila mtu utakayemrekodi, umwachie nakala kabla hujapanda boti, siku ile ile, na ukimaliza kuandika urudi umsomee kwa Kiswahili, umwache akwambie hapa umekosea. Kama chuo chako hakina pesa za safari hiyo, mimi na babako tutauza lile pakacha la dhahabu ndogo ndogo ulilolijua, na usinibishie.

Ukija, leta simu yenye nafasi kubwa ya kurekodia. Niletee na ile dawa ya kifua ya babako, hapa imekwisha. Na kabla hujatoka Nairobi, mwombe mwalimu wako akusaidie kuandika barua kwa vyuo vya huko alikotoka yule bibi, waulize kaseti za Lamu za mwaka 1984, sauti ya mwanamke mtu mzima, nyuma yake mtoto anakohoa. Mtoto yule ni mimi.

Wimbo wa mwisho aliouimba ulikuwa na beti saba. Mimi ninazo mbili.

Mamako