Barua kwa mwanangu aliyeko Lisbon

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi na dua njema zikufikie huko uliko. Sisi nyumbani hatujambo, na hofu yetu ni juu yako tu. Waraka wako nimeusoma mara mbili, na nimesikitika uliposema kwamba siku tatu zilikutosha kuumaliza mji wote: Mnara wa Belém, Monasteri ya Jerónimos, Ngome ya São Jorge, na ile tramu namba 28 uliyoisubiri saa nzima, kisha ukaipanda ukiwa umebanwa hata dirisha usilione. Sasa wauliza utafanya nini na miezi yote iliyobaki.

Nakuelewa, kwa sababu nami nilipokwenda huko miaka ile kusomea utunzaji wa majengo ya kale, mwezi wangu wa kwanza ulipotea vivyo hivyo, kwenye foleni. Nilisimama mbele ya kaburi la Vasco da Gama pale Jerónimos, nikaikumbuka Malindi na mwaka 1498, kisha nikatoka na uchungu moyoni nisijue niupeleke wapi. Mji ule huzisimulia kwa sauti kubwa habari za waliotweka matanga. Habari za waliobaki, za walioletwa kwa nguvu, na za mali iliyochukuliwa, zimo katika mitaa na kumbi ambazo mgeni wa siku tatu hazifikii.

Anzia barabara ya Janelas Verdes, kwenye makumbusho yaitwayo Museu Nacional de Arte Antiga, ila uulize kwanza kama kumbi zake zi wazi siku hiyo. Humo mna chombo cha dhahabu kinachojulikana kama Custódia de Belém, kilichotengenezwa kwa ajili ya kuonyeshea Ekaristi kanisani. Urefu wake haufiki mita moja. Ukisogea karibu na kioo utawaona mitume 12 wamepiga magoti, wamepakwa rangi za enameli, na juu yao nguzo nyembamba zinapanda kuelekea msalabani. Wengi hutazama huko juu wakaridhika. Wewe inama, usome maandishi yanayozunguka kitako chake, kwa kuwa humo limeandikwa jina Quiloa, nayo ndiyo Kilwa yetu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu za vita, akamlazimisha mtawala wake kutoa kodi ya dhahabu; dhahabu hiyo ikatua Lisbon mwaka 1503, na Mfalme Manuel wa Kwanza akaagiza ifanywe chombo hicho, kilichokamilika mwaka 1506. Mwaka mmoja kabla ya kukamilika kwake, Mombasa hii ninayokuandikia kutoka kwake ilitiwa moto na watu wa mfalme huyohuyo.

Siku ya kwanza nilipolisoma jina lile miguu iliniishia nguvu, nikakaa kwenye benchi kwa muda mrefu, hata mlinzi wa ukumbi, mzee wa makamo ya babu yako, akaja kuniuliza kama naumwa. Nilimwonyesha maandishi kwa kidole, nikamwambia kwa Kireno changu cha kuokoteza kwamba natoka pwani ile. Hakusema neno. Alisogea kando ili kivuli chake kisinizibie mwanga, akaniacha nisome tena. Baada ya hapo nilirudi kila mwezi, na kila niliporudi niliona kitu ambacho sikukiona kabla.

Ukitoka hapo usipande basi. Tembea kuelekea mashariki kupitia Madragoa, mtaa ambao zamani ulijulikana kwa jina la Mocambo na ulikaliwa na Waafrika wengi, mpaka uifikie barabara ya Poço dos Negros. Maana ya jina hilo ni shimo la watu weusi. Ni Manuel huyohuyo aliyeamuru, mwaka 1515, lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, ambazo hapo awali ziliachwa ovyo nje ya mji, na limwagiwe chokaa. Leo ni barabara ya mikahawa na maduka madogo, watu wanakunywa kahawa na tramu inapita. Simama hapo dakika chache, mwanangu, uwaombee. Kutoka kwenye chombo cha dhahabu hadi kwenye jina la barabara ile hakufiki mwendo wa nusu saa, nami naamini mtu akivitembelea vyote viwili kwa siku moja ndipo atakapoielewa Jerónimos aliyoiona mwanzo.

Usidhani nakutuma kwenda kuhuzunika tu. Mji ule ni mzuri, na watu wake ni wema kwa mgeni asiye na haraka. Nenda Alfama asubuhi, kabla vikundi vya watalii havijaamka, uache ramani nyumbani. Vichochoro vyake vinapanda na kushuka kama vyetu vya Mji wa Kale, nguo zimeanikwa madirishani, na wazee wamekaa milangoni wakiamkuana. Jina lenyewe la Alfama ni la Kiarabu, limetokana na chemchemi za maji ya moto, ni ndugu wa neno letu hamamu. Mwezi Juni, katika usiku wa Santo António, wakazi huchoma sadini nje ya milango yao, na moshi wake utakurudisha Forodhani.

Mtaa huo ulinusurika kwa kiasi kikubwa katika tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, ilhali Baixa, bondeni, iliangamia kwa tetemeko, mawimbi ya bahari na moto. Baixa unayoiona sasa, yenye barabara zilizonyooka zilizopewa majina ya mafundi na biashara zao, ilijengwa upya chini ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme wa wakati huo. Watu hupita pale wakitazama vioo vya maduka. Lakini ndani ya kuta zile mmefichwa fremu ya mbao iliyofungamanishwa, waiitayo gaiola, yaani kizimba, iliyokusudiwa kulifanya jengo liyumbe pasipo kuanguka. Nilipooneshwa kipande chake kwa mara ya kwanza niliwaza jinsi fundi wetu wa boriti za mikoko angekipapasa kwa kiganja na kukielewa papo hapo, bila ya mkalimani.

Vaa viatu vyenye soli ya kushika, kwani vijiwe vyeupe na vyeusi vilivyotandazwa njiani huteleza sana mvua ikinyesha. Mimi nilianguka mteremko wa Chiado, nikatembea na bandeji wiki mbili.

Chakula cha mchana ule kwenye tasca, yaani mkahawa mdogo wa mtaani, uagize samaki, na uulize kila mara kama mna nguruwe, maana mafuta yake hutiwa hata pasipotarajiwa. Ukikaa, sikiliza maneno. Mhudumu akisema mesa, ni meza. Bandeira ni bendera. Lenço, kitambaa cha mkononi au cha kichwani, ndicho kilichotupa leso, jina ambalo mama yako hukataa katakata kulibadilisha kuwa kanga. Na igreja, ambayo kwao ni kanisa, kwetu iligeuka kuwa gereza; neno hilo peke yake linatosha kukueleza jinsi wazee wetu walivyoziona kuta zao. Ukianza kuyasikia maneno hayo mtaani, hutajihisi mgeni tena, utakuwa kama mtu anayekutana na jamaa waliopoteana.

Na jioni, ukiwa umechoka, nenda Cais do Sodré upande feri ya kwenda Cacilhas. Ni Likoni tupu, ila huko unalipa nauli. Utavuka na watu wanaotoka kazini, wengine wamebeba mboga, wengine wamesinzia wakiwa wameegemea vioo, na hakuna atakayekueleza historia yoyote. Keti upande wa nyuma. Mji wote utasimama mbele yako juu ya vilima vyake, na mawe yake meupe yatageuka rangi ya asali jua linapotua. Hiyo ndiyo saa niliyoipenda kuliko zote, na kwa nauli ya feri niliipata mara nyingi nilivyotaka.

Nina ombi moja. Mimi nililinakili jina la Kilwa kwa kalamu tu, na karatasi ile imechakaa. Ukifika Janelas Verdes, na wakikuruhusu, piga picha ya kitako cha chombo kile kwa karibu, herufi za Quiloa zisomeke, uniletee. Bibi yako ni mzaliwa wa Kilwa, na tangu nilipomweleza habari hizi husema ataziamini siku atakapoliona jina la kwao kwa macho yake.

Ni mimi baba yako akupendaye.