Barua ya Wazi kwa Afisa Elimu wa Wilaya. Yah: Sifuri za Darasa la Sita

Ndugu Afisa Elimu,

Salaam. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, kama ulivyohusika na barua zetu zilizotangulia.

Wiki iliyopita watahini wako walikuja kupima michezo. Walifunga bomba kati ya miembe miwili, wakaagiza kila mtoto ajivute mpaka kidevu kivuke. Karibu wasichana wangu wote wamepata sifuri. Kati yao yumo binti anayetwishwa ndoo ya lita 20 kila alfajiri, na yumo aliyetoka kuugua, hata kuning'inia hawezi. Karatasi yenu inasema nguvu zao ni sawa. Hongereni kwa usawa.

Halafu mkajumlisha: idadi ya kujivuta, alama za sarakasi, sekunde za mbio. Sekunde, Ndugu Afisa! Aliyefika wa mwisho ndiye aliyevuna nyingi. Nahisi watahini walikuwa wanawahi posho, maana siamini kwamba hawajui.

Georg Rasch, mwanahisabati wa Denmark, alionyesha mwaka 1960 namna ya kuweka uwezo wa mtu na ugumu wa swali kwenye mizani moja. Wataalamu wa michezo wanaitumia, zoezi likikaa mahali pa swali. Zoezi linalowashinda wote halimtenganishi yeyote. Lazima chini yake yawepo mepesi: kuning'inia, kujivuta miguu ikiwa chini, pushapu za magoti. Hata ukali wa mtahini hupimika, mradi watahini wapishane kwa watoto walewale. Kwetu mkondo A ulipewa mpole, B ukapewa yule bwana asiyecheka.

Kwenye semina uliahidi saa za kupimia na mafunzo. Saa tunayotumia ni simu yangu, kioo kimepasuka. Kamba nimenunua mimi, mipira mimi. Wazazi wakija juu, wananijia mimi, na sasa natakiwa nijieleze kwa maandishi kwa nini darasa langu ni dhaifu.

Naomba wapimwe upya, kwa watahini wawili na mazoezi yanayoanzia chini. Kama fungu halipo, wapimwe upya hivyohivyo, nitashika daftari mwenyewe. Kama hilo nalo zito, basi jumla ile isitumike kuchagua timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Majina yanapelekwa Jumatatu. Wapimwe upya, Ndugu Afisa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa michezo, darasa la sita