Ruma ipo, tunaipita tu

Mhariri,

Likizo ikikaribia, sisi wa Kisumu tunaanza kuhesabu pesa za Maasai Mara kana kwamba wanyama wote wamehamia huko. Ruma iko hapa jirani, Homa Bay, na ndiyo mbuga pekee nchini unakoweza kumwona korongo (yule swala mkubwa, si ndege) porini.

Nilikwenda na wanangu majuzi. Tulizunguka saa tatu nzima bila kumwona, hadi kitindamimba akapiga kelele: "Baba, punda mwenye pembe!" Ndiye huyo. Masikio marefu yaliyochongoka, uso mweusi wenye mabaka meupe, amesimama kwenye nyasi zilizomfika tumboni, anatutazama bila haraka. Twiga tuliwaona pia. Na mbung'o, usiseme! (Msivae buluu wala nyeusi, rangi hizo huwavuta.)

Kinachotukwamisha ni usafiri. Mimi nilikodi gari, na bei yake bado inaniuma. Je, wenye matatu wa hapa Kisumu hawawezi kupanga safari ya Jumamosi moja kwa mwezi, abiria tukachangia? Mimi na wanangu tumeshahifadhi viti vinne.

Mkazi wa Nyalenda,
Kisumu