Magari yavutwe kwa utaratibu, giaboksi zinaumia

Mhariri,

Gari lililoziba njia Kariakoo liondolewe, hilo sina ubishi nalo. Upande mmoja wa mtaa lori linashusha mzigo, upande wa pili kuna mikokoteni, na mtu akiacha gari lake katikati hata zimamoto halipiti. Ninachoandikia ni namna linavyoondolewa. Brekdauni inarudi kinyumenyume, mnyororo unafungwa upande uliofikika kwanza, gari linanyanyuliwa, safari ya yadi, yanakohifadhiwa magari yaliyovutwa, inaanza. Upande huo ndio unaoamua kama mwenye gari atalipa faini tu au atanunua na giaboksi.

Magari mengi ya hapa mjini ni otomatiki. Ndani ya giaboksi yake kuna pampu inayosukuma hidroliki, yaani mafuta ya giaboksi, kwenye gia, beringi na sahani za klachi, na inayoizungusha pampu hiyo ni injini. Injini ikizimwa, pampu nayo inasimama. Sasa magurudumu yanayovuta gari yakiachwa chini, yanazungusha vyuma vya giaboksi vikiwa havipati mafuta. Gari lililo kwenye N, yaani gia huru, unaweza kulisogeza mita chache polepole lisidhurike. Kulivuta kilomita kumi hadi yadi ni habari nyingine. Likiwa kwenye P, gia ya kuegeshea, ni balaa zaidi, kwa sababu kuna jino la chuma linaloshika shafti isizunguke. Winchi ikivuta kwa nguvu, ama tairi linaburuzwa hadi linaisha upande mmoja, ama jino linakatika na vipande vyake vinabaki ndani.

IST, Vitz na Passo nyingi zinavuta kwa magurudumu ya mbele, hivyo zinyanyuliwe mbele na hendibreki iwe imeshushwa. Crown na Mark X nyingi zinavuta nyuma. Hizo ukizinyanyua mbele umeziua, na ukizinyanyua nyuma lazima usukani ufungwe ukiwa umenyooka, la sivyo gari litayumba njiani. Subaru Forester na Harrier za fowili, zinazovuta kwa magurudumu yote manne, hazitaki kunyanyuliwa upande wowote: magurudumu mawili yakizunguka na mawili yakiwa hewani, difu ya katikati au klachi inayogawa nguvu mbele na nyuma inapata moto. Zipandishwe na tairi zote nne juu ya brekdauni yenye kitanda. Magari ya haibridi, yanayotumia injini na mota ya umeme, kama Prius na Aqua, nayo yasivutwe magurudumu ya mbele yakiwa chini, maana gurudumu la mbele likizunguka linazungusha mota, na mota inazalisha umeme hata kama gari limezimwa.

Najua jibu la wavutaji: gari limefungwa, dereva hayupo, gia na hendibreki havifikiki. Ni kweli. Kwa hali hiyo kuna vigari vidogo vya magurudumu vinavyowekwa chini ya tairi zinazobaki chini, gari likavutwa bila tairi zake kugusa barabara. Kuvifunga kunachukua dakika chache. Mwenye brekdauni asiye na vigari hivyo wala kitanda asipewe kazi ya kuondoa magari yaliyofungwa.

Gari linalodaiwa ada ya maegesho tu, na halijaziba njia, halina sababu ya kuvutwa kabisa. Deni la maegesho limeandikwa kwa namba ya gari na linalipwa kwa simu. Halitapotea gari likibaki pale lilipo.

Ugumu mkubwa ni kwamba giaboksi haifi siku ile ile. Gari linatoka yadi likitembea vizuri, kisha baada ya wiki kadhaa ukiweka D, gia ya kwenda mbele, linachelewa kushika, injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki. Wakati huo mwenye gari hana cha kuonyesha. Ndiyo maana naomba halmashauri zidai fomu kwa kila gari linalovutwa: saa na mahali lilipokuwa, picha za pande zote nne kabla halijaguswa, upande ulionyanyuliwa, na kilomita lilizovutwa. Fomu hiyo itamlinda hata mvutaji mwaminifu, asibebeshwe mkwaruzo uliokuwepo tangu mwaka jana.

Kwa mwenye gari aliyefika yadi: usiwashe kwanza. Piga picha gari likiwa bado mahali lilipowekwa. Angalia kama tairi lina sehemu iliyosagika kuwa bapa, kama bampa limeachia vishikizo vyake, na chungulia chini kwenye shafti za magurudumu uone kama mipira inayofunika jointi imechanika. Kama giaboksi yako ina kijiti cha kupimia, kivute, ufute hidroliki kwenye karatasi nyeupe. Rangi ya kahawia peke yake si ushahidi, hidroliki iliyozeeka huwa hivyo. Harufu ya kuungua pamoja na chembe zinazong'aa ndiyo dalili ya kuandika kwenye karatasi ya makabidhiano kabla hujaweka sahihi.

Fundi wa giaboksi,
Gerezani, Dar es Salaam