Mbao au plastiki? Fensi inafia kwenye udongo

Ndugu Mhariri,

Kamwene. Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua fensi ya nyuma ya nyumba si jambo ambalo watu huwa wanaliandikia gazeti lakini hili limenikaa rohoni tangu masika na huku kwetu Mafinga linamgusa kila anayejenga, mwenye hela na asiye na hela.

Fensi yangu ilianguka mwezi wa pili. Haikugongwa na gari wala haikuangukiwa na mti, ni upepo tu wa usiku mmoja, asubuhi natoka kuwafungulia kuku nakuta upande mzima umelala kwenye mchicha wa jirani, nguzo 11. Nikaziinua moja moja nikaangalia. Mbao za juu nzima, misumari imeshika vizuri tu, ila kila nguzo imekatika sehemu ile ile, pale inapotoka kwenye udongo, imekuwa kama sponji, ukibonyeza kidole kinaingia na ndani mchwa wameshapitisha njia zao. Hizi ni nguzo nilizonunua miaka 3 tu nyuma nikaambiwa mama hizi zimetiwa dawa, utakaa nazo miaka 20, na kweli zilikuwa za kijani kama zinavyotakiwa. Nilipochukua msumeno nikakata moja katikati ndo nikaona, ule ukijani ulikuwa wa juu juu kama rangi ya kucha, ndani mti ni mweupe kabisa. Sikuwa nimeuziwa dawa, nilikuwa nimeuziwa rangi.

Binti yangu anajenga Uyole, Mbeya. Nilipomsimulia akasema, "Mama achana na miti, weka plastiki yaishe." Ameona kwenye simu zile fensi nyeupe za Marekani, hazipakwi rangi, mchwa hawali, zikichafuka unaosha na maji ya sabuni, na yeye mwenyewe anataka kuweka hiyo kwake. Tumebishana karibu mwezi mzima, na kwenye kubishana huko nimezunguka kwa mafundi, kwa watu wa viwanda vya nguzo, kwa majirani wenye fensi za zamani nikaomba kuchungulia chini, ndo haya ninayoandika sasa.

Plastiki sitaki kuisema vibaya bure. Ile fensi ni PVC, ni ndugu wa mabomba ya maji na hizi siling bodi za plastiki zinazowekwa kwenye nyumba siku hizi. Ni kweli haiozi, ni kweli mchwa hana habari nayo, na mtu asiyetaka kushika brashi ya rangi kila baada ya miaka miwili itamfaa. Lakini PVC ya kusimama juani inatengenezwa kwa ajili ya jua, wanachanganya na unga mweupe wa titani dioksidi unaozuia miale isiikaushe, na kuta zake wanazifanya nene. Ya ndani ya nyumba haina hayo mambo. Sasa nimezunguka maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Mafinga na Iringa mjini, ile ya fensi yenyewe sikuikuta hata duka moja, mpaka uagize mbali, kwa hiyo fundi anakwambia tuweke siling bodi, si plastiki ile ile? Jamani si ile ile! Nimeiona moja Iringa imepigiliwa hivyo nyuma ya nyumba, imeshakuwa ya njano na mpira wa watoto umetoboa matundu mawili, unaona hadi ndani ya uwanja.

Na sisi tuko juu. Iringa ni kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, Mafinga inakaribia 1,900, jua la huku halina joto la pwani lakini lina makali, anayelima bila kofia mwezi wa kumi anajua ninachosema. Halafu usiku ni baridi. Plastiki inatanuka na kusinyaa kuliko mbao, na kwa mbali sana, kipande cha mita 2.4 joto lake likipanda nyuzi 30 kinarefuka karibu milimita 4, na nyuzi 30 kwa kitu kinachopigwa na jua saa nane baada ya asubuhi ya mwezi wa saba wala si nyingi. Ndo maana kipande kinatakiwa kichomekwe kwenye tundu la nguzo kikiwa na nafasi ya kucheza, fundi akikikaza kwa skrubu huku na huku kinapinda tu, hakina pa kwenda. Na kwenye baridi kali PVC inakuwa kavu, ukiigonga inapasuka badala ya kubonyea, kwa hiyo wenzetu wa Makete na Njombe ambako mwezi wa sita na wa saba asubuhi unakuta barafu kwenye majani wafikirie hilo kabla ya kutoa hela.

Swali nililomuuliza binti yangu mpaka leo hajanijibu ni hili: kipande kimoja kikipasuka unakipata wapi? Ubao ukivunjika mimi natembea dakika 10 napata mwingine napigilia jioni hiyo hiyo. Wewe utaagiza tena Dar au nje, utasubiri, na kikija weupe wake hautafanana na wa vile vilivyokaa juani miaka mitano. Tena nguzo za hiyo fensi ziko wazi ndani kama bomba, kwenye geti ni lazima utie chuma au mti au zege ndani yake ndo isimame, kwa hiyo bado tunarudi kwenye swali la nini kiko chini ya udongo. Na kingine, huku wengi tunachomea taka nyuma ya nyumba, karibu kabisa na fensi. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC ni klorini, haishiki moto kirahisi hilo nakubali, lakini ikipata joto inalegea na kupinda, na ikiungua inatoa moshi wa tindikali unaokaba koo. Mwenye watoto asichomee taka hapo kabisa.

Sasa mbao. Sisi tunaishi ndani ya miti, Mhariri. Shamba la miti la Sao Hill liko hapa mlangoni, eneo lake ni zaidi ya hekta 135,000, msindano yaani paini, na mlingoti yaani mkaratusi, na kila kijiji cha Mufindi mtu ana ekari yake ya miti aliyopanda kusomeshea watoto. Nikinunua nguzo hapa hela inabaki kwa jirani yangu. Hilo kwangu ni jambo kubwa wala sioni aibu kulisema. Ila mti usiotiwa dawa ukiuchimbia kwenye udongo wetu huu wenye mchwa na mvua ya kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, unajipa kazi ya kurudia. Mabanzi je? Yale mapande ya pembeni yenye gome yanayobaki gogo likipasuliwa mbao ni rahisi na yanafaa sana kwa juu, mimi mwenyewe natumia, lakini yasiguse chini, acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya ubao na udongo, na kati ya ubao na ubao acha upenyo upepo upite kwa sababu ukiziba kote umetengeneza tanga la jahazi, na upepo wa kuanzia huku mpaka Makambako tunaujua.

Kwa hiyo kazi yote ni nguzo, na hapa ndo naomba watu wanisikilize. Kutia dawa si kupaka. Kwenye kiwanda nguzo inakaushwa kwanza, kwa sababu mti mbichi umejaa maji na dawa haina pa kuingia, halafu inaingizwa kwenye tangi refu la chuma, linafungwa, hewa inavutwa nje, dawa inaachiwa na kusukumwa kwa presha mpaka iingie ndani ya mti. Na haiingii kote. Kwenye mlingoti inashika ile sehemu changa ya nje iliyo chini ya gome, kiini cha katikati kinaikataa. Ndo maana nguzo ya mviringo ni bora kuliko iliyochongwa pande nne, ukiichonga umeondoa ile sehemu yenye dawa ukabaki na kiini. Na ndo maana ukishanunua nguzo usiikate upande wa chini! Mafundi wengi wanakata chini ili zilingane urefu, wanafungua mlango mchwa aingie katikati. Ikibidi kukata kata juu, tena kwa mshazari maji yateremke.

Oili chafu ya gari haisaidii, inabaki juu na kuchafua udongo. Marehemu baba yangu alikuwa anaunguza ncha ya nguzo kwenye moto kabla ya kuchimbia, ni mila ya wazee na naiheshimu, ila ule mkaa ni mwembamba na mchwa anapita kwenye nyufa.

Zege nalo linaua nguzo watu wakidhani linaokoa. Fundi anamwaga zege kuzunguka nguzo, kwa juu linabaki kama bakuli, nguzo ikikauka inasinyaa inaacha upenyo mwembamba, mvua ikija maji yanajaa mle yanakaa wiki. Na mti unaoza ukiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi na hewa kidogo, ndo maana haukatiki juu kwenye ukavu wala chini kabisa ambako hewa ni haba, unakatika pale pale kwenye usawa wa udongo. Zangu zote 11 zilikatika hapo. Dawa ya hilo ni rahisi, kokoto chini ya shimo maji yanywee, na zege la juu lipande kidogo kuzidi udongo huku likiteremka kuelekea nje, kama paa.

Kuna jambo lingine ambalo naomba ulichapishe hata kama utakata mengine yote. Dawa ya kijani inayotumika sana kwenye nguzo ni CCA, yaani shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Nguzo ikiwa imesimama dawa imeshikwa na mti, inatoka kidogo sana kwenye udongo wa karibu, kwa hiyo mboga panda mbali kidogo, mimi naacha hatua moja. Lakini vipande vinavyobaki baada ya kukata, na nguzo za zamani zilizong'olewa, huku kwetu vinaenda jikoni! Nimeona kwa macho yangu sufuria la maharage la shughuli ya msiba likichemka juu ya vipande vya kijani, na akina mama wamekaa kwenye ule moshi, wengine na watoto mgongoni. Ukichoma hiyo mbao sumu haiungui ikaisha, nyingine inapanda na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, na majivu tunamwaga bustanini. Niliwaambia siku ile, wakaniitikia kwa heshima, moto ukaendelea kuwaka. Marekani viwanda vimeacha kutia dawa hii kwenye mbao za fensi na za nyumbani tangu mwisho wa 2003, wakahamia dawa za shaba zisizo na aseniki. Sisi bado tunayo, basi angalau tusipikie. Viongozi wa mitaa na wachungaji na mashehe walitangaze hili, ni sentensi mbili tu baada ya ibada.

Na kwa wanaohusika na viwango, TBS na halmashauri zetu, ombi langu ni moja. Nguzo za umeme zinatengenezwa hapa hapa Mafinga na zinawekwa alama ya kiwanda na mwaka. Kwa nini nguzo ya fensi inayouzwa kando ya barabara kuu haina chochote, mnunuzi anaambiwa imetiwa dawa na hana la kufanya zaidi ya kuamini? Nataka kila nguzo inayouzwa kwa jina la nguzo ya dawa iwe na alama ya aliyeitia dawa, ni dawa gani na mwaka gani, ili ikikatika baada ya miaka 3 nijue pa kwenda. Aliyeniuzia mimi simtaji, alishahama pale na sijui ziko ngapi kama zile zimesimama kwenye viwanja vya watu zinasubiri upepo.

Binti yangu bado hajakubali, anasema kama atapata ile PVC nene ya jua ataweka upande wa mbele na nyuma ataweka mbao, sawa, kiwanja ni chake. Mimi nimeshachimba mashimo 11 upya, sentimita 60 kila moja, na kokoto zimeshafika. Safari hii nilimwambia muuzaji achague nguzo yoyote aikate mbele yangu na mimi nailipia hiyo iliyokatwa. Wawili wa kwanza walikataa. Wa tatu akakata, kijani imeingia upana wa dole gumba kuzunguka pande zote. Nimenunua kwake zote, na vipande vya ile iliyokatwa nimevizika.

Msomaji wenu,
Kinyanambo, Mafinga